Rehani ya Ngiri

Alhamisi, saa kumi na moja jioni, Kindi alitoka kubangua korosho mbiombio, maana mwenye nyumba alitaka ahame chumba chake kabla ya magharibi. Mlangoni alimkuta Ngiri, aliyemdai marehemu baba yake gunia la mahindi.

"Unanikimbia, binti?"

"Nahama tu, mjomba. Deni la baba nitalilipa."

"Wote husema hivyo! Mzigo mzito kuliko yote nashika rehani, na nakufuata hukohuko."

Akajitwisha kapu ambalo Kindi alishindwa hata kulisogeza, akapanda nalo kilima kizima hadi chumba kipya. Walipofika akalifunua: mafiga matatu.

Kindi hakuthubutu kucheka. Ngiri alilala palepale, hoi.

Asubuhi Kindi alipika uji juu ya mafiga yale, akampa Ngiri bakuli la kwanza, akampimia kibaba cha kwanza cha mahindi, akakimbilia kazini.