Mikono ya Tunu

Roho ya Mama Tunu ilikuwa juu juu tangu alipoitwa shuleni. Mwalimu Nzaro alimsogezea tableti. "Hili ndilo jalada la kazi za binti yako. Picha zote ulizonitumia kwa simu zimo humu. Ndizo zitakazoamua kama atapanda darasa."

Kikapu kilichosukwa kikasukika. Chungu cha udongo chenye nakshi. Gauni la mwanasesere, marinda na yote. Kando ya kila kazi Tunu amesimama, anatabasamu.

"Kazi safi," mwalimu alisema. "Lakini hebu niambie, mikono yake iko wapi?"

Mama Tunu akatazama upya, na jasho likamtoka. Katika kila picha mtoto alikuwa ameificha mikono mgongoni. Akaisikia sauti yake mwenyewe: "Usiguse, utaharibu! Simama pale nikupige picha."

Mwalimu hakugomba. Alimwita Tunu, akamwekea donge la udongo mezani. "Finyanga chochote upendacho, mwanangu."

Tunu alilitazama donge, kisha akamtazama mama yake. Hakuligusa.

Chini ya meza, vidole vya Mama Tunu vilikuwa vimeshaanza kufinyanga pindo la leso.