Feni ya Betri

Fundi alikuwa amemwonya Kibwana kwamba kinachoua betri ya kompyuta mpakato ni joto. Basi mchana ule, jua likiunguza bati, Kibwana aliigeuza feni iliyokuwa ikimpepea mkewe mwenye homa, akaielekeza mezani.

"Baba Tatu, naungua," mkewe alisema kitandani.

"Vumilia kidogo. Hii ikifa, nyingine sipati."

Aliichomoa chaja, akaiinua kompyuta juu ya vizibo vya soda ili hewa ipite chini yake. Kitanda kililia, kikalia tena. Hakugeuka.

Baadaye aliigusa kompyuta kwa mgongo wa kiganja, kama anayempima mtoto homa.

"Afadhali, Mama Tatu. Joto limeshuka."

Nzi alitua mdomoni mwa mkewe, akatembea taratibu, asifukuzwe.