Meno Yaliyolika

"Tazameni wenyewe," alisema Fundi Shamroz, akiinyanyua juu gia ndogo ya stata, mota inayowasha injini, ili kila mtu aione. Meno yake yalikuwa yamelika hadi yakabaki vibutu. "Kuna watu wamepewa gari wakati walistahili punda."

Waliokuwa wakinywa chai nje ya gereji walicheka. Zarghuna hakucheka. Alikuwa muuguzi, na kwa gari hilo dogo alivuka Peshawar kila siku kwenda kazini. Nyuma yake alisimama shemeji yake, Itbar, ambaye tangu kaka yake, mume wa Zarghuna, aende kutafuta maisha Dubai alikuwa akisaka sababu ya kumnyang'anya ufunguo.

"Gia hiyo uliifunga wewe juzi tu, fundi," Zarghuna alisema.

Shamroz alikuwa ameinamia injini. Hakujibu. Ndiyo dharau yake. Siku hizi hata salamu za muuza chai alizipita kama hazikusemwa.

Zarghuna akazunguka, akasimama mbele yake, akarudia.

"Niliifunga, ndiyo," Shamroz alisema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya barabara. "Nikaijaribu mwenyewe kabla sijakupa. Wewe ndiye unayewasha gari ambalo limeshawaka. Injini inazunguka, unaichomekea gia kwa nguvu, meno yanasagana. Hata gurudumu la injini linalong'atwa na gia sasa lina mapengo kama mdomo wa bibi yangu."

"Sijawahi kufanya hivyo, kaka."

"Wote husema hivyo."

Itbar alikuwa akitabasamu. "Wewe ndiye mjuzi, fundi. Tuambie ukweli. Huyu anafaa kuendesha?"

Shamroz alimkazia macho mdomoni hadi alipomaliza. "Hafai hata kusukuma toroli."

Kicheko kikapasuka tena. Zarghuna alihisi uso ukimchoma. Aliwaza mabasi, mikono ya wanaume ndani ya mabasi, na kazi ambayo asingefika kwa wakati.

"Basi, jambo limeisha," alisema Itbar. "Akishatengeneza, ufunguo unakaa kwangu."

Shamroz alifunga gia mpya, akajifuta mikono kwenye kanzu yake. Zarghuna aliposogea mlangoni alimzuia.

"Usiguse. Hapa anayejaribu ni mimi peke yangu. Simameni mwone gari linavyowashwa na mtu mwenye akili."

Alisimama nje, akapitisha mkono dirishani, akazungusha ufunguo. Injini ikaitika papo hapo, laini, ikatulia ikinguruma taratibu. Muuza chai akainua kidole gumba.

Shamroz akazungusha ufunguo tena.

Chuma kilisagana kwa mlio uliowafanya wanywaji chai wazibe masikio. Akaachia, akazungusha tena, kwa nguvu zaidi. Itbar aliacha kutabasamu.

"Mnasikia?" Shamroz aliwauliza, mkono wake ukiwa bado kwenye ufunguo, injini ikiendelea kunguruma. "Kimya. Mwanamke huyu ameliua kabisa."