Usimwamshe Eskild

Asger aliitupa chini karatasi ya safari, akaikanyaga, kisha akaiokota na kuipangusa, maana hakuwa na nyingine.

Sasa ulihitajika mpango wa tatu, na siku ilikuwa ile ile. Wa kwanza, wa alfajiri, ulikufa pale binti yake Alberte, wa miaka mitano, alipotapika kwenye kiti kabla gari halijawashwa. Wa pili ulifika hadi kwenye taa za mtaa wa pili. Hapo Eskild, kitinda mimba wa miezi saba, alipiga ukelele mpaka mwendesha baiskeli mmoja akasimama kuuliza nani anachinjwa.

Kutoka Kopenhagen hadi Skagen ni saa tano za gari, ukipata watoto wa kuazima. Kwa hawa wa Asger, Mungu ndiye ajuaye. Mama mkwe wake, Gudrun, alikuwa anatimiza miaka sabini, na chakula kilikuwa saa kumi na mbili jioni kamili. Mkewe, Sidsel, alitangulia jana kwa treni kwenda kusaidia kupika.

"Utawaweza wawili peke yako?" alimuuliza, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya treni.

"Kwani hawa ni simba?"

"Simba nisingeuliza."

Pasaka iliyopita Asger alishindwa na kilio cha Eskild akageuza gari Roskilde, nusu saa tu kutoka nyumbani. Gudrun alikisambaza kisa hicho Skagen nzima. Hata muuza samaki sasa humwita Asger "Bwana Roskilde". Leo alikuwa ameapa: ama afike kwa wakati na jina hilo life, ama alibebe mpaka kaburini.

Akaandika upya. Eskild alikuwa na usingizi mmoja wa maana, ule wa mchana, wa saa tatu nzima, uani, ndani ya kigari chake, kwenye baridi, kama watoto wote wa jengo lile. Basi alale kwanza. Kisha kikapu chake cha kulalia kichomolewe kwenye kigari, kifungwe mkanda kwenye gari, na safari ianze kabla hajajua dunia imeanza kusogea. Chini kabisa akaandika kwa herufi kubwa: HAKUNA KUCHUNGULIA. Ile Pasaka, kuchungulia ndiko kulikomponza.

Saa sita na nusu alimshusha Eskild uani, akamfunika, akatandaza kitambaa juu ya kikapu kuzuia mwanga, akaegesha kigari mwanzo wa safu, karibu na baiskeli. Kirstine, jirani wa ghorofa ya pili, alikuwa anamlaza wake pale pale.

"Viggo wangu akishalala, hata ukimpigia tarumbeta sikioni," alisema Kirstine. "Gogo, nakwambia!"

"Niuzie," alisema Asger kwa uchungu. "Huyu wangu kipepeo akipiga chafya yuko macho."

Akapanda kupakia. Mabegi sita. Nepi. Nguo za kubadili. Nguo za kubadilia zile za kubadili. Keki ya Gudrun, ambayo Alberte alikuwa ameilamba upande mmoja, ikabidi igeuzwe iangalie ukutani. Kila aliposhuka ngazi na begi moja, alikumbuka jingine. Manyunyu yalipoanza, alikuwa kichwa chini miguu juu ndani ya buti la gari, akipigana na mwavuli wa ufukweni.

"Asger!" Kirstine aliita kutoka dirishani. "Mvua hiyo! Nimevisogeza vigari vyote chini ya..."

"Shhh!" Asger aliweka kidole mdomoni, jasho likimtoka. "Utaniulia mpango, dada wewe!"

Kirstine akacheka, akafunga dirisha.

Saa saba kamili Asger alinyata chini ya paa la uani kama mwizi wa kuku. Vigari vinne vyeusi. Akachomoa kikapu cha kwanza, wala hakupumua hadi mkanda ulipolia "tik". Simu akaizima sauti na kuizika chini ya nepi. Sidsel angepiga tu kumkejeli.

"Sikiliza," alimnong'oneza Alberte, aliyekaa kando ya kikapu. "Tukishavuka lile daraja la baharini nakupa mfuko mzima wa pipi. Ila ukisema neno moja kabla ya hapo, hakuna."

Walifika Roskilde. Kimya. Wakapita mahali barabara inakarabatiwa, gari likaruka matuta mpaka keki ikagonga dari. Kimya. Asger alitaka kuimba.

Kwenye kioo alimwona Alberte ameinua mkono, kama aliye darasani.

"Mkojo?" alinong'ona.

Alberte akatikisa kichwa.

"Kichefuchefu?"

Akatikisa tena, akakinyooshea kikapu kidole.

"Acha hicho kitambaa! Ukimwamsha, pipi nakula mimi."

Mkono ukashuka. Baada ya dakika kumi ukapanda tena, ukakaa juu njia yote ya daraja, ule mwingine ukiushikilia kwenye kiwiko. Asger akaangalia bahari.

Ng'ambo ya pili alisimama kwenye maegesho. Saa nane na robo, sawasawa na karatasi. Mtoto bado amelala. Asger alipiga usukani busu.

"Bwana Roskilde amekufa!" alisema. Akageuka, akampa Alberte mfuko wa pipi. "Umekuwa mtoto wa ajabu. Haya, sasa sema yote unayotaka."

Alberte alitia pipi mbili mdomoni kwanza, asije akanyang'anywa.

"Baba, kama Viggo anakuja na sisi," akauliza, "Eskild atakuja na gari la nani?"