Mbegu Nyekundu za Wakesho

Milima ya Taita ilikuwa imekauka, na mitapo, mimea iliyokuwako duniani kabla ya ndege, ilibaki hai majumbani tu. Kila jozi ya maharusi ilikabidhiwa aina yao moja, mti dume na mti jike, na sheria iliwataka waitunze kama watoto. Wakesho na Malemba walipoachana, Wakesho alibaki na jike, Malemba akaondoka na dume. Aina ile haikuwa na jozi nyingine popote.

Hatimaye jike lilitoa koni, tunda la magamba linalobeba mbegu. Wakesho akampigia Malemba simu alete chavua ya dume, naye akaja mikono mitupu.

"Chavua iko wapi, Baba Mghoi?"

"Mti ulikufa," alijibu, macho chini. "Ulioza mizizi. Niliogopa kukwambia."

Wakesho hakulia. Alimtengea chai, wakakaa wakiitazama ile koni.

Koni ilipofunguka ilimwaga mbegu nyekundu, nono, zenye kung'aa. Mbegu za mtapo hukomaa hata zisipopata chavua, ingawa hizo haziwezi kuota, na kwa nje huwezi kuzitofautisha na zilizo hai. Afisa wa mitapo alipoziona alimkumbatia Wakesho.

"Mama, mmeiokoa aina nzima!"

Wakesho akamkabidhi mbegu zote azigawe kwa maharusi wapya.

Tangu hapo alialikwa kila harusi, akaketishwa mbele. Bibi arusi akishapokea mbegu yake, humwinamia na kumuuliza, "Mama, itachukua muda gani kuota?"

"Mwagilia tu, mwanangu," Wakesho humjibu. "Usiache kumwagilia."