Jina la Baba Mkwe

"Swali la mwisho," daktari Mzungu akasema. "Baba mkwe wa mwanamke huyu anaitwa nani? Mwenye akili hujua."

Nilikuwa mkalimani wake pale Kikima, mwaka wa 1951. Nikamweleza kwamba kwetu Wakamba, mke hatamki jina la baba mkwe wake hata akichomwa moto.

"Kazi yako ni kutafsiri, si kunifundisha. Asipojibu naandika wazimu, na lori linampeleka hospitali ya vichaa Nairobi leo."

Nikameza matusi yangu, nikamtafsiria mwanamke swali hilo na habari ya lori. Mwanamke huyo alikuwa amempiga kwa jembe askari aliyekuja kukamata mbuzi wake. Chifu ndiye aliyesema ana kichaa.

Baba mkwe mwenyewe, mzee, alisimama mlangoni, amembeba mjukuu wake wa miezi minne. Alikuwa amekuja kumtetea mke wa mwanawe. "Mwambie huyo Mzungu," aliniambia, "huyu ana akili kumshinda yeye."

Mtoto akalia. Maziwa yakalowesha leso ya mamake, madoa mawili yakipanuka kifuani. Akayatazama. Kisha akainua uso, akasema kwa sauti kavu:

"Mulatya."

Daktari akaandika: akili timamu.

Mzee akarudi nyuma hatua moja, akamfunika mtoto kwa koti lake.

"Basi mpelekeni," akaniambia kwa Kikamba. "Sasa ana wazimu kweli."

Kalamu ikasimama juu ya karatasi.

"Mzee amesema nini?" daktari akaniuliza.