Michi Miwili

Dada mtu alikuja kurudisha mchi. Mama aliwaachia yeye na mdogo wake kinu kimoja na michi miwili. Walipogombana kwa sababu ya mume wa mdogo wake, dada aliondoka na mchi mmoja begani, na tangu siku hiyo hawakusemezana. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Shemeji alibaki kuchochea.

Leo dada alitaka kuubwaga mchi mlangoni, undugu uishe.

Alisukuma mlango wa jikoni. Shemeji alikuwa amembana mdogo wake ukutani, mkono kooni, damu ikimchuruzika mwanamke puani mpaka kidevuni.

Dada hakuuliza. Mchi ulitua begani kwa shemeji, mfupa ukalia kama kuni kavu.

"Ya ndoa yanakuhusu nini wewe?" Shemeji alimgeukia, akamkaba kwa mkono uliobaki mzima, akamgongesha kichwa ukutani. Mchi ukamponyoka dada.

Nyuma ya shemeji, mdogo wake alijiinua kwa kushikilia kinu, akautwaa mchi wa pili. Viganja vilishika pale pale katikati, palipolika kwa mikono yao wawili, vikaupandisha juu ya kichwa.

Ampige nani? Mdomo wa mdogo wake ndio uliowahi kumwambia dada, "Bora mume wangu kuliko wewe."

Macho yao yakakutana. Utotoni, ili michi isigongane kinuni, kila mmoja aliita zamu yake kabla ya kushusha wake.

"Zamu yangu, dada," alisema mdogo wake.